Dakika Moja na Sekunde Arobaini

Katika soko la Gitega, mwaka 2009, kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyetengeneza saa. Jina lake Letisia, na meza yake ilibanwa kati ya muuza betri na mama wa vitenge. Ufundi aliuanza kwa baba yake, Dominiko, nyumbani kwao Gishubi, alipokuwa na miaka kumi. Aliumalizia mwenyewe katika kambi ya Lukole, Tanzania, akitengeneza saa za wakimbizi wenzake kwa bisibisi mbili na kibano kimoja. Miaka kumi na miwili alikaa huko na mama yake, Martha. Amani iliporudi, nao walirudi, wakafyeka pori lililoota juu ya shamba lao la Gishubi, wakajenga nyumba mpya mahali palipobaki rundo la matofali ya ile ya zamani.

Baba hakurudi nao kwa sababu baba alikuwa amekufa. Aliondoka nyumbani siku ya Jumanne, Oktoba 1993, kwenda Bujumbura kutafuta springi ya saa. Alhamisi yake rais akauawa na nchi ikavunjika. Martha na binti yake walikimbia kuelekea mashariki, na njiani mtu wa kilimani kwao akawaambia kwamba gari alilopanda Dominiko lilichomwa moto na hakutoka hata mmoja. Tangu hapo Martha alikuwa mjane. Kila Oktoba, kambini hata nyumbani, alimwomba padri amsomee mumewe misa.

Asubuhi moja ya mwisho wa Oktoba, Birindwa alikuja kwenye meza ya Letisia na kitu kilichofunikwa gunia. Birindwa alikuwa Mkongo wa Kivu ya Kusini, muuza masufuria, mtu wa maneno mengi aliyependa kununua vitu asivyovijua. Akaweka mzigo mezani, akaondoa gunia.

"Mama, hii iko saa ao iko mashini gani?" akauliza. "Inalala mu sanduku kama mutoto. Ukiinamisha sanduku, yeye anabaki vile vile."

Lilikuwa sanduku la mbao nyekundu lenye pembe za shaba. Ndani, saa ya duara kama bakuli ilikuwa imening'inizwa katika pete mbili za shaba, moja ndani ya nyingine, ili sanduku likiyumba saa isiyumbe. Kwenye uso kulikuwa na mshale mdogo wa sekunde chini, na mwingine juu wa kuonyesha springi imebakiza saa ngapi kabla ya kukatika nguvu. Letisia hakuhitaji kuangalia zaidi. Mfuniko ulikuwa na ufa upande wa kushoto, umezibwa kwa nta nyeusi. Ufa ule ulitokea siku alipoliangusha sanduku yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na mmoja, na nta ile aliiyeyusha baba yake.

Hiyo ndiyo saa aliyoondoka nayo Dominiko siku ile ya Jumanne.

Muuza betri alimsemesha jambo, hakulisikia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alichowaza kwanza ni kwamba mbele yake yuko mtu anayeuza vitu vya maiti. Akamuuliza Birindwa, polepole sana, amekitoa wapi. Birindwa akaona uso wake, akaacha utani. Alisema alikinunua Makebuko, sokoni, kwa mchuuzi wa maharage ambaye hazungumzi sana. Huyo naye alisema tu kwamba alikipata kwenye mizunguko yake, na mizunguko yake ilikuwa mikoa mitano. Ni wapi katika hiyo mitano, hakujua.

Letisia akafungua droo ndogo ya ufunguo. Chini ya ufunguo kulikuwa na daftari la shule lililokatwa nusu. Alilifungua akitarajia kuona mwandiko wa baba yake wa zamani, na kweli aliuona: namba zilizopangwa mstari kwa mstari, na kila saba na mkato katikati. Kisha akasoma tarehe. Daftari lilianza Novemba 1994. Akafunua. 1997. 2001. 2004. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Novemba 2007, kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto.

Alisoma tena kutoka mwanzo, maana alidhani macho yake yamemdanganya. Mtu waliyemsomea misa kumi na sita alikuwa ameandika kwenye daftari hili miaka miwili tu iliyopita.

Ili kueleweka alichofanya baadaye, inabidi kusema saa hii ilikuwa ya nini. Dominiko alipewa ujanani na bruda mmoja Mbelgiji ambaye kabla ya utawa alikuwa ofisa wa meli. Bruda alimfundisha kazi yake, na Dominiko akamfundisha binti yake, siku za Jumapili, wakiwa wamechuchumaa uani. Alimweleza kwamba zamani baharia aliweza kupima jua na nyota akajua yuko umbali gani kusini au kaskazini, lakini mashariki na magharibi alibahatisha. Meli nyingi zilipasuka kwenye miamba ambayo nahodha alidhani bado iko mbali. Dawa ilijulikana: jua hufika utosini mapema kwa watu wa mashariki na kwa kuchelewa kwa watu wa magharibi, kwa hiyo ukiwa na saa iliyobeba majira ya bandari uliyotoka, ukaona huko uliko jua limefika utosini saa ngapi, tofauti yake inakuambia umesogea kiasi gani. Ila hapakuwa na saa ya namna hiyo. Saa za siku hizo zilikwenda kwa timazi inayobembea, na bahari ikichafuka timazi inachanganyikiwa. Joto linarefusha chuma, baridi inagandisha mafuta. Seremala mmoja wa Uingereza alishughulika nalo miaka zaidi ya arobaini. Alitengeneza saa tatu kubwa zenye uzito wa mtoto wa shule, kisha akaachana na njia hiyo, akatengeneza ya nne, pana kama sahani ya chai. Hiyo ndiyo iliyovuka bahari bila kupotea. Wengine waliomfuata, Wafaransa na Waingereza, wakairahisisha mpaka kila meli kubwa ikawa na yake katika sanduku.

"Dakika moja ya jua," Dominiko alikuwa akimwambia, "hapa kwetu ni kama kilomita ishirini na nane."

Na kila sikukuu ya Watakatifu Wote, baada ya misa, alipima jua la Gishubi na kuandika. Alisema alichagua siku hiyo kwa sababu mwanzoni mwa Novemba wakati wa jua kufika utosini karibu haubadiliki, hivyo hata mawingu yakikunyima siku moja utapata nyingine. Letisia alikumbuka hesabu ile kama anavyokumbuka jina lake: saa tano na dakika arobaini na nne.

Katika daftari, kila Watakatifu Wote, kwa miaka kumi na minne, baba yake alikuwa ameandika saa tano, dakika arobaini na mbili, na sekunde kidogo.

Hakumwambia mama yake. Aliogopa kumfufulia mtu ambaye pengine alikuwa amekufa mara ya pili. Birindwa ndiye aliyeambiwa, kwa kuwa saa ilikuwa yake. Muuza masufuria yule akalisukuma sanduku upande wa Letisia.

"Kama iko ya papa yako, basi si yangu tena," akasema. "Lakini tutaenda pamoja, mi na we. Mi njo najua sura ya ule muntu aliniuzia."

Letisia aliifungua saa, akasafisha mafuta yaliyokuwa yameganda kama gundi, akarudisha cheni yake nyembamba, mfano wa cheni ya baiskeli ya sisimizi, kwenye gurudumu lake. Alipoijaza ufunguo haikwenda. Saa za meli haziamki zenyewe. Ni lazima uzizungushe kwa kifundo cha mkono, mara moja na haraka. Akaizungusha. Ikaanza kupiga, nusu sekunde kwa nusu sekunde.

Tarehe mosi Novemba ilinyesha. Tarehe tatu jua likatoka. Letisia alisimika fimbo nyuma ya soko, akaithibitisha kwa timazi ya mwashi, akachora mduara kuizunguka. Saa alikuwa ameilinganisha na redio. Asubuhi kivuli kilipogusa mduara kikiingia, aliandika. Mchana kilipougusa tena kikitoka, aliandika. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo jua lilipokuwa utosini. Alirudia siku iliyofuata, kwa sababu hakujiamini. Majibu yalikuwa mamoja: Gitega, saa tano na dakika arobaini na nne kasoro sekunde chache.

Daftari la baba lilitangulia kwa dakika moja na sekunde arobaini.

Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi ya kufungia. Kilomita arobaini na saba, kuelekea mashariki. Wala haikuwa Tanzania, wala Kongo, wala kaburini. Kwenye ramani ya shule alichora mstari kutoka kaskazini kwenda kusini kwa umbali huo, ukapita Muyinga juu na karibu na Ruyigi chini. Miaka minne wao walikuwa wamerudi nchini, na mtu huyu alikuwa anakaa mahali ambapo gari linafika kabla ya chakula cha mchana.

Birindwa akauinamia mstari ule. Ruyigi mchuuzi wa maharage hakuwahi kufika, akasema, maana huko ana ugomvi na mtu. Lakini Muyinga alikwenda, na soko lake huko lilikuwa Mwakiro.

Waliondoka Alhamisi kupitia Karuzi, sanduku likiwa mapajani mwa Letisia. Mama yake alimdanganya kwamba anakwenda kununua vipuri. Pale Mwakiro hawakuhitaji kumtafuta mchuuzi. Mwanamke wa kwanza waliyemuuliza kuhusu fundi saa alinyosha mkono kuelekea mteremko wenye migomba, akasema mzee wa saa yupo, ila siku hizi haoni.

Yupo, alisema. Letisia aliomba arudie.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya bati, na mbele yake mwanamke wa makamo alikuwa akipepeta maharage. Alijitambulisha kuwa Jeska, mke wa Dominiko. Alipoliona sanduku alisimama, akaanza kujitetea kwa sauti ya chini: mume wake alipopoteza macho saa ile ilisimama, na yeye alidhani imekufa, akampa mchuuzi ili mzee asiendelee kuishika siku nzima na kuhuzunika. Kama kuna tatizo, ni kosa lake, si la mzee.

Letisia alikuwa akitazama nyuma yake. Mlangoni alikuwa amekaa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, kichwa ameinamisha kusikiliza. Alikuwa ameisikia saa.

"Nani ameiamsha?" mzee akauliza kwa Kirundi.

"Ni mimi, Dawe," Letisia akasema, kama alivyomwita utotoni. "Mimi ni Letisia, binti yako wa Gishubi."

Mzee hakusogea. Uso wake haukuonyesha furaha wala hasira. Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayemrekebisha karani:

"Letisia nilimzika mimi mwenyewe. Yeye na mama yake."

Jeska aliacha ungo uanguke. Birindwa, ambaye Kirundi chake kilikuwa cha sokoni tu, aliuliza mzee amesema nini.

Ilichukua mchana mzima. Letisia alimtajia jina la bruda, mahali kitanda kilipokuwa, ufa wa mfuniko na nta nyeusi. Dominiko alisikiliza yote akitikisa kichwa taratibu, mpaka akaomba mkono wake, akaushika. Kisha akaeleza.

Gari lililochomwa hakulipanda. Alichelewa, akapanda la nyuma yake, nalo likageuzwa. Alijificha kwa watu kwa miezi. Mwanzoni mwa 1994 alifika Gishubi kwa miguu. Kilima kizima hakikuwa na mtu. Nyumba yake ilikuwa imeungua, na ndani, karibu na mlango wa chumba, alikuta mabaki ya mwanamke na ya msichana. Aliwazika hatua kumi na mbili kutoka pembe ya jiko, akaweka msalaba wa mti. Halafu akaondoka bila kugeuka nyuma, akaja Muyinga kwa ndugu wa mama yake, na hakukanyaga tena Gishubi.

"Ni nani mwingine angekuwa ndani ya nyumba yangu?" akauliza.

Letisia alimuuliza kama mwanamke yule alikuwa na kitu chochote mwilini. Dominiko alisema hapana. Kisha akasema alikuwa na kikuku cha shaba, cha mizunguko mitatu, mkono wa kushoto. Hakukifahamu. Alidhani Martha alikinunua wiki ile.

Hapo Letisia akakaa chini, juu ya maharage yaliyomwagika.

Kikuku kile alikifahamu. Kilikuwa cha Kasilda, jirani yao, rafiki wa mama yake tangu usichana. Kasilda alikuwa na binti mmoja, Elyse, aliyesoma darasa moja na Letisia. Nyumba ya Kasilda ilikuwa ya nyasi. Siku ya kukimbia, Kasilda alikuwa na homa, hakuweza kutembea, na Martha alimwambia aingie kwao, kwenye nyumba ya bati yenye mlango wa kitasa, wajifungie mpaka mambo yatulie. Letisia aliona kwa macho yake mama yake akimkabidhi ufunguo. Na tangu warudi, kila aliposikia kuna kundi la wakimbizi limeingia kutoka Tanzania, Martha alikwenda kuuliza kama kuna anayetoka Gishubi aitwaye Kasilda.

Hatua kumi na mbili kutoka pembe ya jiko la zamani, sasa palikuwa na matuta ya viazi vitamu. Walikuwa wamevila viazi hivyo misimu minne.

Letisia alilala Mwakiro siku ile, kwenye mkeka, na asubuhi alirudi. Sanduku alimwachia baba yake. Birindwa ndiye aliyesema liachwe. Alisema mzee akiisikia saa usiku atajua hakuota.

Martha alikuwa akimenya mihogo Letisia alipoingia uani. Alisikia habari zote mbili akiwa bado ameshika kisu. Letisia alianza na ile ya baba, kwa kuwa alidhani ndiyo rahisi, na mama yake aliendelea kumenya. Alipofika kwenye kikuku, Martha aliweka kisu chini, akanyanyuka, akaenda mpaka jiko la zamani lilipokuwa. Akahesabu hatua. Alipofika ya kumi na mbili alisimama katikati ya matuta, miguu peku, akawa hajui aiweke wapi.

"Nilimpa ufunguo mimi," akasema. "Yeye alitaka kwenda kulala kwenye mtama. Mimi ndiye niliyemwambia hapana."

Kuhusu mumewe hakuuliza lolote mpaka siku ya tatu. Alitaka kujua kama kweli haoni kabisa, na kama huyo Jeska anampikia vizuri.

Kaka wa Kasilda, Kasiano, alipatikana kilima cha pili. Naye alikuwa akimsubiri dada yake. Mwezi Januari walifukua, wakazika upya kwa misa, katika majeneza mawili ya mbao nyeupe. Watu walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa, na wengi wao walisimama mbali, wakitazama ardhi kama vile kila mmoja anafikiria shamba lake mwenyewe.

Dominiko alikuja. Jeska alimwongoza kwa fimbo, wakasimama mwanzo wa ua, na hakuna aliyejua nani amkaribishe. Martha alitoka jikoni akifuta mikono.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Kaa basi. Jua ni kali."

Akamletea kiti. Wakakaa, Martha akimtazama na Dominiko akitazama pasipo kitu. Jeska aliingia jikoni bila kuagizwa, akaanza kuosha vyombo. Baadaye Dominiko alisema, kwa sauti iliyosikika na Letisia aliyekuwa nyuma yao, kwamba lolote atakaloamua Martha yeye atalikubali: akitaka arudi atarudi, akitaka abaki huko atabaki.

Martha alifikiri.

"Nimekuwa mjane miaka kumi na sita," akamjibu. "Nililia nikamaliza. Leo unaniambia nilikuwa nalia bure. Sina jibu la kukupa, Dominiko. Rudi kwa mwenzako, na mwezi ujao uje tena nikuone. Pengine nitakuwa nimezoea."

Alikuja mwezi uliofuata, na uliofuata tena, na hali ikabaki hivyo. Hakurudi kuishi Gishubi, wala Martha hakwenda Mwakiro. Misa ya Oktoba mwaka ule padri alimsomea Kasilda na Elyse.

Siku ile ya maziko, kabla hawajaondoka, Jeska aliuliza yale maharage mekundu yaliyopikwa ni mbegu gani, maana yanaiva haraka. Martha aliingia ndani, akachota kopo zima, akamfungia kwenye kona ya kitenge chake, akakaza fundo.